Go si "kwenda" tu! Nimechoka na kozi za Kiingereza za kukaririshana

Wakuu, nimekuja na hasira na sitaificha.

Nililipa shilingi 200,000 kwa kozi ya Kiingereza ya miezi 3. Siku ya kwanza mwalimu akaandika ubaoni: go, kwenda. Darasa zima tukaimba go, went, gone mpaka koo zikakauka. Baada ya hapo neno hilo hatukuligusa tena.

Nikapata kazi mapokezi hotelini, zamu ya usiku. Saa nane usiku mgeni Mwingereza akapiga simu kutoka chumbani: "The alarm's gone off!" Mimi najua off ni kuzima. Taa zikizimika wanasema the lights have gone off, na hapo wako sahihi. Basi nikaelewa king'ora cha moshi kimezimika, nikamjibu fundi atakuja asubuhi. Kumbe king'ora kiki-go off KIMELIA! Waya wa birika ulikuwa unaungua mle chumbani. Bahati nzuri mgeni alichomoa waya mwenyewe, akashuka ngazi akifoka. Barua ya onyo nikapewa mimi.

Na si king'ora peke yake. Maziwa yaki-go off yamechacha. Bomu liki-go off limelipuka. Maneno ni yale yale mawili, na kozi nzima hakuna aliyetuambia.

Kosa jingine nalisikia maofisini kila siku. Mtu anaulizwa bosi yuko wapi, anajibu "He has been to Arusha." Hapo umesema bosi aliwahi kufika Arusha akarudi! Kama bado yuko huko, sema has gone. Kwa Kiswahili "amekwenda Arusha" na "amewahi kwenda Arusha" hatuchanganyi hata tukiwa usingizini, kwa hiyo tatizo si akili zetu. Hatukufundishwa.

Go blind ni kupofuka, go bald ni kuota kipara, go mad ni kupata wazimu. Nani kasafiri hapo? Na anayesema "I'm going to cook" huenda hata hajainuka kitini, anakwambia tu kwamba atapika.

Hata went tuliyoimba, asili yake ni kitenzi kingine kabisa, wend, ndiyo maana haifanani na go. Ingemgharimu mwalimu dakika moja kutueleza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi wenyewe tunasema saa inakwenda, biashara haiendi, mtoto amekwenda haja. Tunajua vizuri kuwa kitenzi kimoja hubeba mengi. Mwalimu angeanzia hapo tungemwelewa siku hiyo hiyo.

Juzi nimefungua daftari la mdogo wangu wa kidato cha kwanza. Go, kwenda. Pembeni pana alama ya vema kwa wino mwekundu.

Anayejua kitabu au mwalimu anayefundisha neno hili ndani ya sentensi, na maana zake zote za kila siku, amtaje hapa. Nalipa leo hii, sitaki huyu dogo aje kukaa mapokezi kama nilivyokaa mimi.