Ukiipeleka hadithi ya kutisha kwenye filamu, una ruhusa ya kubadili nini?

Mtoa mada, Mtwara Mjini:

Wadau wa vitabu na filamu wa huku Kusini, nauleta mjadala huu hadharani kwa sababu vijiweni unaishia njiani kila mara. Kuna wanaoshikilia kwamba filamu iliyotoka kitabuni ifuate kitabu neno kwa neno, ukibadili umeharibu. Wengine wanasema dairekta hadaiwi chochote na mwandishi. Mimi sijakaa kwa hawa wala kwa wale. Nasema badili mahali, badili majina, badili hata mwisho, ila usimnyang'anye zimwi sababu yake. Ukimnyang'anya, umebaki na kelele na damu.

Chukueni Frankenstein ya Mary Shelley, ya mwaka 1818. Wengi tunamjua yule kiumbe kwa sura ya Boris Karloff kwenye filamu ya 1931: paji pana, hatua nzito, mdomoni hatoki neno. Kitabuni anaongea, tena anajieleza vizuri. Amejifunza lugha kwa kuichungulia familia moja kupitia ufa wa ukuta, amesoma vitabu, halafu anamwendea aliyemuumba na kumdai: umenileta duniani ukanikimbia, sasa niumbie mwenzangu. Ukatili wake umeanzia kwenye kutelekezwa. Filamu ikamwekea kichwani ubongo wa mhalifu. Hapo hatia ikahama, ikamtoka aliyetelekeza ikaangukia ubongo mbovu, na mtazamaji akaenda kulala bila swali lolote.

I Am Legend ilifanyiwa hivyohivyo. Kwenye kitabu cha Richard Matheson cha 1954, mtu wa mwisho aliyesalimika anazunguka mchana akiwaua walioambukizwa wakiwa wamelala. Mwishoni wanamkamata, naye anaelewa kwamba kwao yeye ndiye jinamizi. Filamu ya 2007 ya Will Smith ilipofika kwenye sinema ikamfanya shujaa anayekufa ili dawa ipatikane. Mwisho mwingine uliosogelea kitabu ulikuwa umeshapigwa picha, ukaja kutolewa kwenye DVD.

Kwa nini nalileta hili huku? Kwa sababu vijana wenye kamera Mtwara na Lindi wameanza kuzungumzia picha la kutisha la kwetu, na wazo linalorudi kila mara ni simba wa kutumwa, yaani simba anayeaminika ametumwa na mchawi. Wakubwa wanakumbuka. Kuanzia 1990 hadi 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 nchini, na Lindi ni miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Watafiti walipofuatilia waliona jinsi mambo yalivyofuatana: wanyama ambao simba amezoea kuwala wamepungua, nguruwe pori wamejaa, wanaingia mashambani usiku, mkulima anahamia shambani kulinda mazao, simba anayemfuata nguruwe anamkuta mtu. Msimu wa mavuno ndio ulikuwa mbaya kuliko yote.

Aliyelala dungu anajua ninachosema. Miti minne, kichanja, nyasi juu, ngazi ya fito. Ukuta hakuna, au upo wa makuti tu. Baba na kijana wake wanapokezana kupiga debe ili nguruwe wasisogee. Saa nane za usiku debe linanyamaza kwa sababu aliye zamu amesinzia, na mwenzake hajui kama ni usingizi au ni kitu kingine. Hapo pana filamu nzima. Ukianza na mchawi anayemfungulia simba mlango, umeua njaa ya mkulima, umeua nguruwe, umeua debe. Mnasemaje?

Mwenye kibanda cha video, Masasi:

Heshima yako ndugu mtoa mada, ila unaongea kama msomaji. Mimi naongea kama mtu anayekaa na watazamaji kila jioni. Mtu analipa jero aje ashtuke, na akitoka ameshtuka, hana ugomvi na mimi. Halafu picha likifika kibandani limeshabadilishwa mara ya pili. Tangu enzi za Lufufu, yule msimuliaji wa picha za nje, anayetia sauti ya Kiswahili anaongeza lake na kupunguza lake, na watu wanalipenda picha kwa sababu yake. Nani amwambie kwamba amekosea?

Filamu nayo inazaa. Dracula ya Bram Stoker, 1897, anatembea mchana bila shida, nguvu ndizo zinampungua. Jua kumuua mnyonya damu kumetoka kwenye Nosferatu, filamu ya Ujerumani ya 1922, iliyotengenezwa bila ruhusa. Mjane wa Stoker akaenda mahakamani, ikaamuliwa nakala zote ziharibiwe, zikasalia chache. Leo dunia nzima inaamini jua linamuua mnyonya damu. Wizi ule umeongeza kitu ambacho mwandishi hakuwa nacho.

Na utiifu haujawahi kumtisha mtu. Mwandishi Stephen King aliichukia The Shining, filamu ya Stanley Kubrick ya 1980 iliyotoka kwenye kitabu chake, akaandika mwenyewe toleo la televisheni la 1997 lililofuata kitabu. Ni lipi kati ya hayo mawili ambalo watu wanaliomba kibandani?

Mwalimu wa Kiswahili, Newala:

Kaka wa Masasi, King alikuwa na hoja. Kitabu chake cha 1977 kinahusu baba mlevi anayempenda mtoto wake na anayepambana asije akamdhuru. Unamwona akishindwa hatua kwa hatua, na dakika ya mwisho anapata upenyo wa kumwambia mtoto akimbie. Kwa Kubrick, yule baba anaonekana ameshaharibika tangu anapoingia hotelini. Filamu ile ni nzuri sana, naikubali. Lakini mtoto wa mlevi akisoma kitabu anajiona mle ndani, na akiitazama filamu anamwona kichaa wa watu wengine. Wanafunzi wa namna hiyo ninao darasani.

Wasiwasi wangu mkubwa ni kwamba hapa tunabishania filamu za vitabu wakati sisi tunaanza na kamera, kitabu hakipo. Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o imechapishwa tangu 1977: kijana anarithishwa uchawi na baba yake, na hofu yote iko kwenye kile anachopokea na namna kinavyomharibu. Mwenye kamera aanzie kwenye kazi kama hiyo.

Na wale wanaosema hofu ni lazima ifichwe, waje Newala wakati wa midimu, ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Lipiko, mchezaji aliyevaa kinyago, linatoka mchana kweupe, kila mtoto mkubwa anajua ndani mna mtu, pengine mjomba wake, na bado anakimbia. Kuonyesha si kosa.

Mkazi wa Kilwa Masoko:

Ndugu zangu, nimewasoma wote, nami naongea kama mama aliyekaa matanga ya mtu aliyeuawa na simba. Mtoa mada, umetupa nguruwe, mavuno na dungu. Ni kweli tupu. Watafiti wamejibu kwa nini simba alikuja shambani. Hawakujibu kwa nini aliyapita madungu matatu akaingia la nne. Matangani watu wanauliza hilo, usiku kucha. Simba wa kutumwa ni jibu la wenye msiba, na ukilifuta kwenye filamu ukaweka nguruwe peke yake, umewafanyia walichomfanyia kiumbe wa Shelley: umewaziba mdomo.

Mtoa mada, Mtwara Mjini:

Dada, hilo zito, na nimelikalia kabla ya kujibu. Sitaki filamu iwazibe mdomo wenye msiba. Waseme, walie, wamtaje wanayemdhania. Ninachokataa ni kamera kuwa shahidi wao. Mhusika akiamini kwamba simba ametumwa, hiyo ni hadithi ya binadamu. Kamera ikituonyesha bibi anavaa ngozi na kugeuka simba, tumeshatoa hukumu. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni. Mtu aliyekwisha kuona kwenye skrini kwamba bibi anageuka, ataamini nini siku mtoto wa jirani akipotea?

Mkazi wa Kilwa Masoko:

Hapo unaiogopa filamu kupita kiasi. The Exorcist ya 1973, mwandishi wa kitabu William Peter Blatty ndiye aliyeandika muswada wa filamu, akapata Oscar kwa kazi hiyo. Binti anapelekwa kwanza hospitali, madaktari wanapima hiki na kile, wanashindwa, ndipo mapadri wanaitwa, na mmoja wao imani yake yenyewe inayumba. Kisha kamera inathibitisha kabisa kwamba pepo yupo. Daktari hakudhalilishwa, padri hakudhalilishwa. Kwa nini Wamarekani waruhusiwe kuthibitisha imani yao kwenye skrini, na sisi tukithibitisha yetu tuambiwe tunaua watu?

Mtoa mada, Mtwara Mjini:

Kwa sababu anayeshtakiwa mle ni pepo. Pepo hana nyumba ya kuchomwa moto wala mjukuu wa kutukanwa shuleni. Watu walitoka kwenye ukumbi wa sinema wakiwa wameogopa, na hakuna jirani waliyemfuata. Simba wa kutumwa ana aliyemtuma, na aliyemtuma ana jina, ana shamba, anaishi nyumba ya tatu. Sizuii uchawi kwenye skrini. Nataka huyo bibi naye apewe nafasi ya kuongea sawasawa na waliofiwa, tumsikie alikuwa wapi usiku ule na nani alianza kumtazama vibaya, kabla mtazamaji hajaamua.

Mwenye kibanda cha video, Masasi:

Mkiandika hivyo picha litaenda. Watu wa kibandani wanapenda kubishana kuliko mnavyodhani, nusu ya watazamaji wangu wangemtetea bibi. Ila mwongozaji wa hiyo kazi asitoke Dar akakaa siku mbili hotelini. Akalale dungu.

Mkazi wa Kilwa Masoko:

Bibi aongee, nakubali. Kuhusu kamera kunyamaza bado tunapishana, na sitahama. Mimi nitaongeza masharti mawili: kijiji kisitajwe, kwa sababu wenye majina yao bado wapo, na kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha, muswada usomwe kwa sauti mbele ya familia zilizopoteza watu. Wakisema sehemu fulani itolewe, itolewe.

Mwalimu wa Kiswahili, Newala:

Sharti la pili linataka muswada uwepo. Nani anaanza kuandika?