Misafara ya vespa na pikipiki inazidi kukosa watu. Wewe uliacha kwa nini? Tupeane uzoefu

Mtoto wa Michenzani
Assalamu alaykum wana baraza. Jumapili tulipanga matembezi ya Kizimkazi, kusini ya Unguja, tukutane Maisara mjini saa moja asubuhi. Kwenye kundi la simu walioandika "nipo, inshaallah" walikuwa wengi mpaka nikahofia chakula hakitatosha. Asubuhi yake hatukujaza hata kivuli cha mwembe mmoja. Vyungu vya pilau tukagawa kwa watoto wa madrasa.

Wakubwa zetu wanakumbuka Idi pili ilivyokuwa. Wa mbele keshafika Kiembesamaki, wa nyuma bado anapiga kiki Mnazi Mmoja. Mabibi wanatoka vibarazani kutuangalia. Leo pikipiki zimejaa mjini na shamba, hakuna nyumba isiyokuwa nayo, lakini ukiita watu hawaji. Nauliza kwa dhati, simlaumu mtu. Uliacha lini, na kipi kilichokuudhi?

Plagi Kavu
Kusubiriana. Mnaambiwa saa moja, mnatoka saa nne jua limeshapanda.

Jirani wa Kwahani
Hapo umesema. Na saa nne yenyewe bado kuna mtu "yuko njiani anatia mafuta".

Fundi wa Mwembetanga
Wanaosema vijana wavivu wanawaonea. Mie natengeneza vespa, naziona zinavyoondoka. PX ya zamani inataka mtu aijue. Oili unachanganya mwenyewe kwenye petroli, asilimia 2, yaani lita 5 kwa mililita 100. Ukipunguza, pistoni inanata. Ukizidisha, plagi inalowa na moshi unafuata mtaa mzima. Hayo baba alimfundisha mwanawe. Baba akifa na mtoto hajafunzwa, chombo kinakaa.

Halafu spea. Tangu kiwanda cha LML kule India kifungwe, zile spea zilizokuwa zikiingiliana na za Piaggio, wenye kuunda vespa, zimeadimika. Mtu anaagiza Kariakoo, kinachokuja sicho. Akikosa kebo ya klachi wiki mbili, anaiweka vespa chini ya ngazi. Ikishawekwa chini ya ngazi haitoki tena, naapa. Mwisho anamuuzia mtu wa hoteli, inapakwa rangi ya waridi na kusimamishwa mlangoni, kikapuni imejazwa maua ya plastiki. Nikipita pwani ya mashariki nazitambua nyingine kwa mkono wangu mwenyewe, pale nilipochomelea. Inaniuma. Kila moja ya zile ilikuwa na mtu wake kwenye msafara.

Boda Bububu
Fundi kasema ya vespa, mie niseme ya sisi wa kazi. Wiki nzima nakaa juu ya chombo, mgongo unanijua. Jumapili mnaniambia nikaendeshe tena kwa raha mpaka Nungwi, karibu kilomita 60 kwenda, na kurudi nyingine hizo. Mafuta ya nani? ZURA, mamlaka inayopanga bei ya mafuta Zanzibar, ikitangaza bei ya mwezi mie napiga hesabu ya unga kwanza. Kwenye msafara wa bwana harusi nalipwa. Kwenu nije bure na nitoe mchango wa fulana juu yake.

Kofia Ngumu
Fulana ni utambulisho. Bila fulana trafiki anajuaje kama nyie ni kundi moja?

Plagi Kavu
Trafiki anatazama leseni na bima, fulana haitazami. Mie ninazo kabati zima na hakuna hata moja iliyonipa msaada nilipopata pancha Kitope.

Kofia Ngumu
Pancha yako na fulana vinahusiana nini?

Plagi Kavu
Vinahusiana kwamba hela ya fulana ingenunua pampu na viraka vya msafara mzima.

Ukhti wa Skuta
Mie sina kawaida ya kuandika humu ila hii imenigusa. Nilijiunga kwa mapenzi, nikaenda na skuta yangu safari ya Paje. Hijabu, kofia ngumu juu, suruali pana chini ya baibui fupi, kila kitu sawa. Pale pa kuondokea nikaambiwa "akina dada wapande gari ya vyakula, skuta yako ataiendesha mtoto wa kiume". Nikakataa. Wakaniweka mwisho kabisa, na njia nzima kijana ananirekodi na simu. Usiku ule video imezunguka, maneno yaliyoandikwa chini siyarudii hapa. Baba yangu aliyaona. Hakunigombeza, alikaa kimya tu siku kadhaa, na hilo ndilo lililonitoa.

Kurudi, Magharibi imetukuta maeneo ya Jozani. Nikauliza wanawake tutasali wapi. Nikajibiwa "mtasali nyumbani". Nyumbani Bububu!

Abu Nasaha
Dada yangu, pole, lakini na wewe jiulize, mwanamke na misafara ya wanaume ya nini?

Ukhti wa Skuta
Kaka yangu, walimu wa kike wanaendesha skuta kwenda skuli za shamba siku zote, mvua na jua, na hakuna anayewatolea fatwa. Wanakuja kusomesha watoto wenu. Ikifika Jumapili ndio inakuwa haramu?

Jirani wa Kwahani
Mjibu huyo.

Abu Nasaha
Sikusema haramu. Nimesema ajiulize.

Mkoani Kwetu
Nimesoma yote, nilitaka kupita. Neno "mwisho kabisa" la huyo dada ndilo lililonirudisha.

Mwaka mmoja wenzetu wa Unguja walikuja Pemba na meli, tukawapokea bandarini Mkoani. Furaha, honi, watoto wanakimbia pembeni. Mie na vespa ya marehemu babangu, nyuma nimempakia mdogo wangu. Tukapita Mtambile, tukala Chake, tukashika njia ya zamani ya Wete. Walioiendesha wanaijua: kona juu ya kona, mteremko ukiumaliza unakutana na mlima, miti imefunika pande zote. Ulikuwa msimu wa karafuu. Majamvi yametandazwa kando ya lami, harufu mpaka ndani ya kofia.

Alasiri ile manyunyu yakaanza. Aliyewahi kuishi Pemba anajua nini kinafuata. Kila mtu mbio kuanua, kwani karafuu ikilowa imeharibika. Mie nashuka kona, vespa za mbele zimeshapotea machoni, mtoto kajitokeza na pakacha lake katikati ya njia. Nikamkwepa. Lami mbichi, tairi dogo la inchi 10, chombo kikaniponyoka. Tumekwenda kuangukia juu ya majamvi ya bi mkubwa mmoja. Vespa kwa ubavu, tangi linavuja, petroli inatiririka ndani ya karafuu za watu.

Mie mtulinga umevunjika. Mdogo wangu mguu, chini ya goti, umekaa vibaya hata siwezi kuuelezea. Alikuwa halii, ananitazama tu.

Yule bi mkubwa, wallahi, hakuuliza karafuu. Kavua kanga yake moja, kaichana, kamfunga kijana mguu na vipande vya fito. Kaitisha gari ya ng'ombe, tukapandishwa, polepole mpaka pa kupata gari ya kutupeleka hospitali. Kila jiwe tulilopita mdogo wangu alinibana mkono. Njia nzima mie nageuza shingo kuangalia mbele: watarudi tu, wataona hatupo, watarudi.

Hawakurudi. Wamefika Wete, wamepiga picha, wamekula. Simu ya kwanza nimeipata baada ya Isha. Mkubwa wa msafara ananiambia: "Ah, tulidhani mmegeuza mmerudi kwenu."

Msimu ule ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, ilikuwa inanunua daraja la kwanza kwa shilingi 14,000 kilo. Piga hesabu ya majamvi yale. Kundi halikutoa kitu, waliandika "pole, Mungu awape shifaa" na vijimikono vya dua. Karafuu nilizilipa mwenyewe kidogo kidogo. Bi mkubwa hajanidai hata siku moja, na kanga yake alikataa kulipwa. Mdogo wangu sasa anatembea, lakini kwa kuchechemea. Vespa ipo. Msafara, siji tena.

Mtoto wa Michenzani
Subhanallah. Pole sana, ndugu yangu. Sikuwa nalijua hili.

Boda Bububu
Mwili umenisisimka. Mtu hawahesabu wenzake?

Kofia Ngumu
Pole sana. Ila na tuseme ukweli, yakhe, kuanika karafuu barabarani ni hatari. Barabara ni ya magari.

Halua ya Wete
Weye ushawahi kuchuma karafuu? Ushawahi kupanda mkarafuu na tawi linalia chini yako? Lami inashika joto, inakausha haraka, na uwanja wa saruji si kila mtu anao. Karafuu zilikuwa kando, yeye mwenyewe kasema. Mwenye karafuu ndiye aliyemuokoa. Wenye fulana walikuwa wanapiga picha.

Kofia Ngumu
Sikumtukana mtu, nimezungumzia usalama.

Halua ya Wete
Usalama ungeanza kwa kutazama nyuma.

Mwana Tumbatu
Mie nilikuwemo safari ile. Sitaji jina la mtu hapa. Palikuwa na aliyepewa kazi ya kukaa mkiani, na fulana yake tofauti kabisa ili ajulikane. Tulipotoka Chake aliruka mbele ili awahi picha za kuingia Wete. Baadhi yetu tuliuliza mbona hatumuoni yule mwenye vespa ya kijivu, tukaambiwa tusiharibu ratiba. Neno "ratiba" limenikaa moyoni mpaka leo. Nami ndio ikawa safari yangu ya mwisho.

Mkoani Kwetu
Vespa ya kijivu ndiyo yangu. Ahsante kwa kuuliza siku ile. Sikuwa na habari kama kuna aliyeuliza.

Mama Watatu
Kwetu sisi safari za Pemba zilikatika zamani zaidi. Baada ya kuzama meli ya MV Spice Islander, Septemba 2011, mama hakutaka kusikia habari ya kuvuka bahari kwa ajili ya matembezi. Kwa msiba utavuka, kwa pikipiki hapana. Sikubishana naye.

Mzenji wa Ughaibuni
Niko Uingereza, na nawahakikishia kilio hiki si chetu peke yetu. Wazee wa pikipiki huku mvi tupu, vijana hawaonekani. Marekani kuna mkutano wa pikipiki wa Sturgis, South Dakota, ulioanza mwaka 1938. Mwaka 2015 walihesabiwa zaidi ya laki 7, mwaka uliofuata hawakufika laki 5.

Plagi Kavu
2015 ilikuwa mara ya 75, lazima wajae. Huwezi kupima kushuka kwa kuanzia kileleni.

Mzenji wa Ughaibuni
Kweli, nakubali hilo. Basi chukua Wajerumani. Wana mkutano tangu 1956, ulianza na wenye pikipiki ya Zündapp KS 601 waliyoiita Tembo wa Kijani. Wanaufanya katikati ya baridi, theluji na matope, wanalala kwenye mahema, na watu wanaifuata taabu ile kwa makusudi. Sisi tuna Makunduchi na Ras Kigomasha, jua na bahari, hatutoki. Kwa hiyo taabu haimfukuzi mtu. Kinachomfukuza ni kuona akianguka hakuna atakayejua.

Fundi wa Mwembetanga
Hiyo ndiyo nilitaka kusema kuhusu spea, nikakosa maneno.

Jirani wa Kwahani
Ushauri wangu: ondokeni baada ya Alfajiri, rudini kabla ya Adhuhuri. Sala zote mtu kasali kwake.

Kofia Ngumu
Alfajiri giza, ng'ombe wanakatiza. Bora saa mbili.

Plagi Kavu
Saa mbili yenu ni saa tano.

Halua ya Wete
Futeni kiongozi kabisa. Wa mbele awe mwenye chombo kibovu kuliko vyote, wengine wamfuate.

Fundi wa Mwembetanga
Hilo si mchezo, zamani tulifanya hivyo. Anayekwenda polepole anatangulia, fundi anakaa nyuma.

Ukhti wa Skuta
Na anayerekodi watu bila ruhusa arudishwe nyumbani hapohapo. Bila hilo mie simo.

Abu Nasaha
Hili naliunga mkono.

Mtoto wa Michenzani
Nimeandika yote kwenye daftari. Tuanze na fupi: Jumapili ijayo, mjini mpaka Fumba. Kukutana Maisara baada ya Alfajiri kukipambazuka, anayechelewa atufuate. Hakuna mchango wa fulana. Tunahesabiana tukiondoka, tukifika Kisauni, na tukifika Fumba. Anayerekodi sura ya mtu bila idhini anarudi. Natafuta mtu mmoja wa kukaa mkiani, asiyependa picha. Na ndugu wa Mkoani, nimekuandikia faraghani kuhusu bi mkubwa. Deni lile lilikuwa la kundi.

Kofia Ngumu
Fumba karibu mno, tutafika kabla injini haijapata moto.

Mkoani Kwetu
Nimeuona ujumbe. Nitamuuliza kwanza, yeye si mtu wa kupenda makubwa.

Boda Bububu
Mkiani naweza kukaa mie, njia naijua na huwa nabeba zana. Lakini mafuta?

Plagi Kavu
Lita mbili juu yangu. Njoo na pampu.