Diski ya Terry Pratchett ilipondwa kama alivyousia: ilikuwa haki?

Mleta mada:

Wakuu, naleta jambo linalowagawa wasomaji wa fantasia na bunilizi za kisayansi hadi leo. Tarehe 25 Agosti 2017, kwenye maonyesho ya mitambo ya mvuke huko Dorset, Uingereza, mtambo wa kushindilia barabara uitwao Lord Jericho ulipitishwa mara kadhaa juu ya diski kuu ya kompyuta ya marehemu Terry Pratchett, mwandishi Mwingereza wa riwaya za fantasia. Diski ikagoma kusagika, ikatiwa kwenye mashine ya kuponda mawe. Inasemekana ndani yake mlikuwa na riwaya zipatazo 10 ambazo hazijakamilika. Aliyesimamia shughuli ni Rob Wilkins, msaidizi wake wa miaka mingi, na alikuwa anatimiza wasia. Vipande vikapelekwa kuonyeshwa katika makumbusho ya Salisbury.

Je, mwandishi ana haki ya kuzikwa na kazi zake? Mimi nasema anayo.

Kwa wasiomfahamu, Pratchett alizaliwa Beaconsfield mwaka 1948, akaacha shule akiwa na miaka 17 na kuingia kwenye gazeti la mtaani kwao. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1971. Baadaye akawa msemaji wa shirika la umeme, akijibu maswali ya waandishi wa habari kuhusu vinu vya nyuklia, huku akitunga vitabu. Mwaka 1983 akaanzisha Discworld, mfululizo wa riwaya kuhusu dunia bapa iliyobebwa na tembo wanne waliosimama juu ya mgongo wa kobe anayeogelea angani. Miaka minne baadaye akaacha ajira. Mfululizo huo ulifika vitabu 41, na vitabu vyake vyote vimeuzwa zaidi ya nakala milioni 85. Watu humsifia ucheshi, lakini kinachonivuta mimi ni hasira iliyo chini yake. Akiandika kuhusu polisi, benki, posta au magazeti, humwoni akimhurumia mkubwa anayemkanyaga mdogo.

Desemba 2007 alitangaza kwamba ana Alzheimer's, ugonjwa unaoharibu ubongo na kumbukumbu, ya aina adimu inayoanzia nyuma ya ubongo na kumnyang'anya mtu uwezo wa kuelewa kile ambacho macho yanakiona. Kuchapa kukamshinda. Akawa anaisemea kompyuta maneno, au Wilkins anamwandikia. Aliendelea hivyo kwa miaka, kitabu baada ya kitabu, hadi alipofariki tarehe 12 Machi 2015. Kitabu cha mwisho cha Discworld kilitoka Agosti mwaka huohuo, na Wilkins ameeleza humo kwamba kina mwanzo, kati na mwisho, ila hakikuwa kimefika pale mwenyewe alipotaka.

Mtu kama huyo anajua kuliko sisi sote umbali uliopo kati ya rasimu na kitabu. Aliiona akili yake ikimponyoka, akaamua mapema ni kipi kibaki na kipi kiondoke. Kumpuuza baada ya kufa ni kumwondolea uamuzi ambao hata ugonjwa haukufanikiwa kumwondolea.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, nakuheshimu lakini sikubaliani nawe. Franz Kafka, mwandishi wa Prague, alimwagiza rafiki yake Max Brod achome maandishi yake yote baada ya kifo chake. Brod akakataa, na mwaka 1925, mwaka mmoja tu baada ya mazishi, riwaya ya kwanza ikatoka. Brod angekuwa mtiifu, dunia ingepoteza kiasi gani? Na tusiende mbali. Shaaban Robert alifariki 1962, *Utubora Mkulima* ikachapishwa 1968. Hata barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, leo ni kitabu, na zinatuonyesha mtu tusiyemwona kwenye mashairi. Kazi ya msanii mkubwa ni mali ya umma.

Mchangiaji wa pili:

Wangempa mwandishi mwingine azimalizie riwaya hizo za Pratchett. Robert Jordan, mwandishi mwingine wa fantasia, alifariki 2007 kabla ya kumaliza mfululizo wake wa *The Wheel of Time*. Mwandishi Brandon Sanderson akaukamilisha kwa vitabu vitatu, cha mwisho kikatoka 2013. Wasomaji waliosubiri miaka yote hiyo wakaufikia mwisho wa safari.

Mleta mada:

Ndugu, mfano wa Jordan unanisaidia mimi. Jordan mwenyewe ndiye aliyetaka hadithi imalizwe. Aliacha maelezo, akasimulia baadhi ya sehemu akiwa kitandani, na mjane wake, Harriet McDougal, aliyekuwa pia mhariri wake, akamchagua Sanderson. Wote wawili, Jordan na Pratchett, walitiiwa. Binti yake Pratchett, Rhianna, naye amesema wazi hataandika Discworld mpya wala kumruhusu mwingine.

Kuhusu Shaaban Robert, *Utubora Mkulima* ulikuwa mswada uliokamilika ukisubiri mchapishaji. Barua nazo zina wenyewe wawili, aliyeandika na aliyepokea, na aliyepokea ndiye aliyezitunza.

Kafka ndiye mgumu, nakiri hoja yako ina uzito. Ila Brod alieleza kwamba alimwambia Kafka usoni kuwa hatachoma, na Kafka bado akamwachia yeye jukumu hilo. Pratchett alimchagua mtu ambaye alijua atatekeleza. Na "mali ya umma" ni neno zito sana. Umma ulinunua vitabu alivyouza. Haukununua kichwa chake.

Mchangiaji wa tatu:

Sawa, sasa nijibu hili. Mwaka 2023 familia ya Pratchett iliruhusu kitabu cha hadithi fupi alizoandika ujanani, nyingine kwa jina la kupanga, Patrick Kearns. Mashabiki wake walipekua magazeti ya zamani mpaka wakazipata. Hizo za jina la kupanga hakuziweka wazi kwa jina lake maisha yake yote. Huo nao si uvunjaji wa wasia?

Mleta mada:

Hapo umenigusa. Jibu langu ni kwamba hadithi zile alizipeleka gazetini mwenyewe, zikasomwa na watu wakati huo. Jina la kupanga lilimficha mtunzi, lakini hadithi zilikuwa hadharani. Rasimu za kwenye diski hazikuwahi kutoka mikononi mwake. Kwangu tofauti hiyo inatosha, ingawa naona kwa nini wengine haiwatoshi. Anayeamini familia ilipaswa kukataa alete hoja. Kwenye suala hili niko tayari kusogea, kwenye lile la diski sisogei.