Naomba ushauri: malazi na chakula cha halali Bangkok, Alhamisi hadi Jumapili, nikiwa na mama yangu

Binti wa Ngamiani aliandika:

Assalaam aleikum ndugu zangu, na wengine wote habari za leo. Mwezi wa Desemba, Mungu akipenda, nitakwenda Bangkok kununua nguo za jumla kwa ajili ya duka langu hapa Tanga, na safari hii nimeazimia kwenda na mama yangu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akinilelea watoto kila ninapokwenda Dubai kwa biashara. Bangkok sijawahi kufika. Tutatua Alhamisi asubuhi na kuondoka Jumapili usiku. Viza tumekwisha kuzipata, na vitabu vya chanjo ya homa ya manjano tunavyo.

Mama ni mtu wa miaka sabini, ana kisukari, na magoti yanamsumbua. Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba hagusi chakula asichokuwa na hakika nacho. Akiingiwa na shaka atasema ameshiba, na wewe utagundua usiku kwamba ameshinda na njaa. Ninaomba kujua tulale mtaa gani ili tuwe karibu na soko la nguo la Pratunam bila kuhangaika na usafiri, na tutapata wapi chakula cha halali ambacho mtu aliyezoea wali wa nazi na samaki anaweza kukila. Rafiki amenishauri mtaa wa Waarabu ulioko barabara ya Sukhumvit. Kwa chumba cha vitanda viwili ninaweza kulipa hadi dola 50 kwa usiku.

Mchuuzi wa Kariakoo alijibu:

Waaleikum salaam dada, na umfikishie mama shikamoo yangu. Ushauri wangu ni kwamba usichague hoteli kwa picha wala kwa idadi ya nyota. Tafuta kwanza mahali ambapo mama atakula kwa moyo mweupe, kisha utafute kitanda karibu na hapo, kwa sababu Bangkok ni mji mkubwa wenye foleni nzito za magari, na anayelala mbali na chakula chake humaliza jioni nzima ndani ya teksi.

Kwa hali yenu, mahali hapo ni wilaya ya Ratchathewi, na hasa uchochoro wa saba wa barabara ya Phetchaburi, unaojulikana kama Phetchaburi Soi 7. Ndani yake upo msikiti wa Darul Aman, na kuuzunguka kuna migahawa na mama lishe wa Kiislamu, ambao ni Wathai wenyewe na wanapika chakula cha kwao. Hii ni tofauti kubwa na kula katika mgahawa wa wageni, maana mama atakionja kweli chakula cha nchi hiyo bila kuuliza kila dakika kuna nini ndani ya sufuria. Jirani, kando ya mfereji wa Saen Saep, ni mtaa wa Ban Krua, ambako wameishi Waislamu wa asili ya Cham (jamii ya Vietnam na Kambodia) tangu enzi za mfalme Rama wa Kwanza, watu waliosifika kwa ufumaji wa hariri. Soko la Pratunam na jengo la maduka ya nguo la Platinum vipo kwenye barabara hiyohiyo ya Phetchaburi, upande wa mashariki, mwendo wa kiasi cha kilomita moja.

Desemba ni msimu wa wageni wengi kwa kuwa hali ya hewa ni nzuri na mvua zimekwisha, kwa hiyo weka nafasi mapema. Vyumba safi vya hadhi ya kati katika eneo hilo mara nyingi huwa kati ya baht (fedha ya Thailand) 1,000 na 1,800, ambazo kwa sehemu kubwa zinaingia ndani ya bajeti yako. Kabla ya kulipa, hakikisha mambo matatu: kuna lifti, chumba kina dirisha (vipo vyumba vya bei nafuu visivyo na dirisha kabisa), na vitanda ni viwili kweli. Epuka kukodi nyumba ya mtu binafsi kwa siku chache. Sheria yao ya hoteli ya mwaka 2004 hairuhusu nyumba za kawaida za ghorofa kukodishwa kwa siku bila leseni, na majengo mengi huwakatalia wageni wa namna hiyo mlangoni.

Kabla ya kuingia Thailand, jazeni kadi ya kidijitali ya kuwasili, ambayo imekuwa ya lazima tangu tarehe 1 Mei 2025. Hujazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na ni bure. Anayewatoza fedha si serikali. Mkishuka uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, pitieni kwanza dawati la afya na vitabu vyenu vya chanjo ndipo mwende kwenye dawati la uhamiaji, la sivyo mtarudishwa nyuma baada ya kusimama kwenye foleni ndefu, na magoti ya mama hayastahili hilo.

Mama Mvita alijibu:

Mwanangu, mimi natoa maoni tofauti na ndugu wa Kariakoo, ingawa ninamheshimu. Tulipompeleka marehemu mume wangu kutibiwa Bangkok tulikaa Sukhumvit Soi 3, karibu na hospitali inayopokea wagonjwa wengi kutoka Oman na nchi za Ghuba, na chakula hakikutusumbua hata siku moja. Kuna migahawa ya Kiarabu ya wali na nyama ya mbuzi, mishkaki, maharage ya asubuhi, mikate ya moto na chai ya maziwa. Mzee asiyependa vitu vigeni atatulia pale, na mtu anayejua Kiarabu kidogo anaelewana na wahudumu.

Aliyewahi Kusoma Bangkok alijibu:

Mama Mvita, pole kwa msiba, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu. Uliyoyasema kuhusu chakula cha mtaa ule ni kweli, na kwa mgonjwa anayetibiwa hospitali ile hakuna mahali panapofaa zaidi. Kwa dada huyu, hata hivyo, ninaona vikwazo viwili. Ng'ambo ya barabara kuu, mtaa wa Nana una vilabu vingi vya usiku na biashara ambayo binti hangependa kupita nayo akiwa amemshika mama yake mkono. Na kutoka hapo hadi Pratunam kila asubuhi ni foleni tupu. Ninaunga mkono Ratchathewi. Mkitamani nyama ya mbuzi jioni moja, kwendeni Soi 3 kwa chakula tu, kisha mrudi kulala.

Sasa niseme kuhusu chakula chenyewe, kwa sababu hapo ndipo mama atakapofurahi au kuudhika. Azoeshe tumbo lake kwa khao mok kai. Huu ni wali uliopikwa pamoja na kuku kwa manjano na viungo, ndugu wa karibu wa biriani yetu, na hauna ukali wowote. Huletwa na vipande vya matango, vitunguu vilivyokaangwa hadi vikakauka, na kibakuli cha mchuzi wa kijani wenye ladha ya chachu, utamu na pilipili kidogo. Mchuzi huo uwekwe pembeni, amwagie mwenyewe kadiri anavyotaka. Kando ya wali huo wauzaji wengi huwa na supu ya mkia wa ng'ombe, nyepesi na yenye chachu ya ndimu, lakini mwambie muuzaji asizidishe pilipili kabla hajaandaa bakuli, kwa kuwa pilipili zake ndogo husagwa humohumo na haziwezi kutolewa. Atakapoona mataba atajiona yuko nyumbani, kwa sababu ni ule mkate wa mayai wa Pwani, unga mwembamba uliojazwa nyama ya kusaga, vitunguu na mayai kisha ukakaangwa kwenye chuma kipana. Samaki wa kuchomwa kwa chumvi nao hupatikana kwa wingi.

Nje ya mitaa ya Waislamu kuna haja ya uangalifu mkubwa. Mafuta ya nguruwe hutumika hata katika mboga za majani, na kijiko kimoja huzunguka masufuria yote. Kusema tu kwamba huli nguruwe hakutoshi. Mwuzaji atakutolea vipande vya nyama akiamini amekutendea wema, na mchuzi utabaki uleule. Alama ya kuaminika ni ile ya Baraza Kuu la Kiislamu la Thailand, yenye umbo la almasi na neno halali kwa herufi za Kiarabu ndani yake. Ipo kwenye vibanda, na pia kwenye vyakula vya pakiti katika maduka madogo yanayofunguliwa usiku na mchana, hivyo hata mkifika hotelini usiku wa manane mtapata kitu. Maneno mawili yatawafaa sana: "mai sai mu", yaani usitie nguruwe, na "mai phet", yaani kisiwe kikali. Wewe na mama mmalizie kwa "kha", kwa kuwa ndiyo adabu ya wanawake.

Binti wa Ngamiani alijibu:

Nimewashukuru sana, na Mama Mvita nimeyapokea maneno yako kwa heshima. Nimekwisha kutazama hoteli za Ratchathewi na nimeona mbili zinazofaa. Moja inatoa kifungua kinywa ndani ya bei na nyingine haitoi, tofauti yake ni kama dola sita. Je, nichukue yenye kifungua kinywa ili mama asitoke nje mapema? Na kuhusu kisukari chake, kuna jambo la kuangalia katika vinywaji na matunda?

Muuguzi wa Moshi alijibu:

Dada, chukua isiyo na kifungua kinywa. Katika hoteli za kawaida za Bangkok meza ya asubuhi huwa na soseji za nguruwe pembeni ya mayai, na mayai hayo hukaangwa kwenye kikaango hichohicho. Mama akiliona hilo asubuhi ya kwanza, hatakula hotelini tena, na dola zako zitakuwa zimepotea. Nunueni jioni mkate, mayai ya kuchemsha, ndizi na maziwa, muweke kwenye friji ya chumbani, ili akiamka ameze dawa zake na kula kwa wakati wake wa kawaida bila kusubiri uchochoro uchangamke.

Katika vinywaji ndipo penye hatari kwake. Chai yao ya barafu ya rangi ya machungwa hutiwa sukari na maziwa mazito ya kopo kwa pamoja, na juisi nyingi za barabarani huongezewa sharubati ya sukari hata kama tunda lenyewe ni tamu. Aagize maji ya chupa, au chai moto bila chochote. Maji ya dafu ni afadhali kuliko soda, ila kwake nusu dafu linatosha. Maembe yenye wali wa kunata na tui la nazi ni chakula kitamu mno na atakutana nacho kila kona. Aonje vijiko viwili kutoka kwenye sahani yako, asiagiziwe sahani yake. Papai na mapera ya kukatwa yanamfaa zaidi, lakini mwambie mwuzaji asikufungie kile kipakiti cha sukari yenye pilipili. Dawa zake zote zibebwe kwenye begi la mkononi, ndani ya vifungashio vyake na pamoja na cheti cha daktari. Maji ya bomba asinywe.

Aweke pia miadi na wewe mapema kuhusu saa za kula. Wanunuzi wa nguo wakiingia Platinum husahau mchana umepita, na mtu wa kisukari hawezi kusubiri hadi mmalize kupatana bei.

Mchuuzi wa Kariakoo alijibu:

Muuguzi amesema jambo kubwa hapo mwisho. Ijumaa asubuhi nenda sokoni peke yako huku mama akipumzika, kisha urudi mle chakula cha mchana pamoja pale msikitini, kwa kuwa Ijumaa uchochoro huchangamka sana wakati wa swala. Usimpitishe kwenye mashua za mfereji wa Saen Saep. Ni za haraka na bei yake ni ndogo, lakini husimama kidogo tu na abiria huruka kutoka kwenye ukingo, jambo lisilomfaa mwenye magoti mabovu. Vituo vya treni ya juu navyo vina ngazi nyingi, na si kila mlango wa kituo una lifti, kwa hiyo mkitaka kupanda uulize kwanza lifti iko upande gani wa barabara. Kwa masafa mafupi chukueni teksi ya mita. Mita huanzia baht 35, na dereva akikataa kuiwasha mshuke mtafute nyingine. Kutoka uwanja wa ndege huongezwa baht 50 pamoja na ada za barabara ya juu.

Aliyewahi Kusoma Bangkok alijibu:

Kwa Jumapili nina pendekezo moja. Mpeleke mama mtoni Chao Phraya asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mashua za mtoni ni kubwa na zina gati la kupandia, na safari yenyewe ni matembezi ya kutosha bila kutumia miguu. Shukeni gati la Oriental, kisha mtembee kidogo hadi msikiti wa Haroon ulioko Charoen Krung Soi 36, mtaa wa zamani wa Waislamu ambako mtapata tena chakula cha mchana bila maswali. Wakiwapata njiani watu wenye bajaji wanaosema kwamba mahali mnapokwenda pamefungwa leo na kwamba wao watawapeleka kwingine kwa bei ndogo, wakatalieni kwa upole na mwendelee na safari yenu. Wataishia kuwapeleka kwenye duka la vito au la cherehani.

Binti wa Ngamiani alijibu:

Nimeweka nafasi katika ile isiyo na kifungua kinywa, chumba chenye dirisha na friji, ghorofa ya tatu, na wamenithibitishia kwamba lifti ipo. Msalani wamesema kuna mpira wa maji, jambo ambalo mama aliniuliza kabla ya mengine yote. Limebaki swali moja: Jumapili ndege yetu ni usiku, na sijui mizigo ya nguo nitaiweka wapi tukiwa mtoni.

Mchuuzi wa Kariakoo alijibu:

Iache hapohapo mapokezi. Hoteli nyingi hutaka chumba kikabidhiwe saa sita mchana, kwa hiyo fungeni mizigo Jumamosi usiku, muikabidhi asubuhi kabla ya kwenda mtoni, mpewe vipande vya namba, na amana mliyoiweka siku ya kwanza mrudishiwe papo hapo mkiwa mmeshika risiti. Kama marobota ni mengi, mwombeni mhudumu wa mapokezi awaitie teksi kubwa ya saa kumi jioni, maana Jumapili jioni barabara ya kuelekea Suvarnabhumi inaweza kujaa, na ni heri mama akaketi uwanjani mapema, ambako pia kuna chumba cha kuswalia.