Linux ipi kwa kompyuta ya zamani isiyo na intaneti?

Mwl_Nachingwea: Wakuu, kompyuta ya shule ni ya biti 32, RAM GB 1, haina intaneti. Kazi yake kuchapa mitihani. Niweke Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, badala ya Windows) ipi?

Fundi_Masasi: Weka antiX 23, aina ya Linux nyepesi, ya biti 32, toleo la "full". LibreOffice (programu za kuchapa) imo tayari, na kwako hilo ndilo kubwa, maana kila programu inayokosekana itabidi uifuate mjini na flashi. Debian 13 (Linux nyingine) iache, haina tena kisakinishi cha biti 32.

Mikindani: Naunga mkono. Ila linganisha sha256 (namba ya kuhakiki faili) ya ISO, yaani faili la Linux unalopakua, na ile iliyo kwenye tovuti yao kabla ya kuichoma kwenye flashi ya GB 4. Faili likipakuliwa nusu, usakinishaji hugoma katikati. Swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa) tenga GB 2. Saa ikirudi nyuma kila umeme ukikatika, badilisha betri ndogo ya CR2032 iliyo ndani ya kompyuta.

Mwl_Nachingwea: Shukrani sana wakuu.