Jobu ya rsync inatoka na eksiti kodi 24, skedula inasema imefeli

Swali
Wakuu habari. Kuna jobu ya bakapu inapiga rsync (programu ya kukopi mafaili) kila usiku, ikimaliza ndo inawasha jobu ya pili ya kubana mafaili. Sasa kuna siku inatoka na eksiti kodi 24 (namba ambayo programu inarudisha ikimaliza, 0 ni kufaulu), AutoSys, yaani skedula inayoendesha hizi jobu, inaihesabu imefeli, ya pili haianzi kabisa, asubuhi nakuta alati wakati bakapu nikiicheki ipo vizuri tu. Naiambiaje skedula kwamba 24 siyo kufeli? Seva nyingine ina skripti hiyo hiyo, ila inaendeshwa na taima ya systemd (msimamizi wa huduma kwenye Linux) na matokeo yanapitishwa kwenye tee, amri inayoyaandika kwenye faili, ili yaingie kwenye logi, ile haijawahi kulalamika.

Jibu
Mkuu 24 maana yake kuna mafaili rsync iliyaona wakati inaandaa orodha, ilipofika kuyakopi ikakuta yameshafutwa. Kama folda ina mafaili ya muda hilo ni la kawaida sana. Kwenye systemd unaweka SuccessExitStatus=24 chini ya [Service] kwenye faili la huduma, kisha systemctl daemon-reload, na 0 inabaki vile vile, hii inaongezea tu.

Jibu
Kwa AutoSys andika success_codes: 0,24. Tafadhali usiweke max_exit_success: 24, maana hiyo inapokea kila namba kuanzia 0 hadi 24, yaani hata 12 ya mawasiliano kuvurugika na 23 ya mafaili kushindwa kukopiwa zitapita kama zimefaulu, na utakuja kujua siku unataka kurudisha data haipo. max_exit_success inafaa kwa robocopy (ya kukopi mafaili kwenye Windows), kule 1 mpaka 7 siyo kufeli, shida inaanzia 8.

Muuliza swali
Asante sana wakuu, success_codes imekubali. Na vipi nikiweka tu exit 0 mwisho wa skripti ili irudishe 0 kila mara?

Jibu
Hapana, hapo unaiziba skedula macho, hata 127 ya amri kutoonekana itageuka sifuri. Na mimi ningeanza na hiyo seva isiyolalamika: ukipitisha rsync kwenye tee, kodi inayorudi ni ya tee, ambayo karibu kila mara ni 0 hata rsync ikifa katikati. Weka set -o pipefail juu kabisa ya skripti ya bash, ili kodi ya rsync ikifeli isifunikwe na ya tee, na kama kuna amri zinafuata baada ya rsync, shika $? (kodi ya amri iliyotoka kumaliza) papo hapo uitoe mwisho kwa exit. Fanya hivyo kabla hujagusa SuccessExitStatus, halafu pitia logi za nyuma uone kama bakapu za kule zilikuwa zinakamilika.