Mjadala: Dar es Salaam ilianzishwa na Seyyid Majid au na Mjerumani?

Bandarini
Wakuu, kila ikitajwa historia ya Dar, watu wanaanzia 1891, Mjerumani alipohamisha makao makuu kutoka Bagamoyo. Sikubali. Seyyid Majid, Sultani wa Zanzibar, alianza kujenga pale katikati ya miaka ya 1860, akaleta wafanyabiashara wa Kiarabu na Kihindi, na 1867 akawakirimu makonsuli wa Ulaya na Marekani hapo hapo. Lile boma la zamani la Sokoine Drive, kuta za mawe ya matumbawe na milango ya Kizanzibari, ni la enzi zake. Mjerumani alikuta mji. Mnasemaje?

Fundi Mkuu
Alikuta magofu, mkuu. Majid kafariki 1870, ndugu yake Barghash akaususa mji, majumba yakaachwa. Reli ya Mjerumani ilianza 1905, ikafika Kigoma 1914, hapo ndipo Dar ikawa Dar. Bila yeye ingelala kama Bagamoyo, ambako wenyewe hawakujua kitu zaidi ya kusubiri misafara.

Mwana wa Kaole
Hapo umevuka mpaka. Pembe za ndovu kutoka Ujiji na Tabora zilikuwa zinateremkia wapi? Huyo Mjerumani wako mbona alianza kuweka makao Bagamoyo? Mji wetu haukulala, ulipigwa. Watu wa pwani walipoikataa kampuni ya Kijerumani 1888, manowari ziliushambulia. Soma kabla hujawadharau wazee wa watu.

Fundi Mkuu
Sijamdharau mtu, nauliza meli ya stima ingetia nanga wapi Bagamoyo. Maji yakipwa, jahazi linakaa juu ya mchanga likisubiri yajae, na meli kubwa inabaki mbali huko, mizigo inafuatwa kwa mashua. Dar mlango ni mwembamba, lakini ukishaupita kina kipo na upepo haukufikii.

Shangazi wa Upanga
Wanangu, mnagombania Majid na Mjerumani kana kwamba pale palikuwa pori. Mzizima, kijiji kilichokuwapo pale kabla ya Dar, ilikuwa na Washomvi na Wazaramo, wavuvi na wakulima wenye majumbe wao. Mbona hakuna aliyewataja?

Bandarini
Shikamoo Shangazi. Hoja nzito, tutaifikia. Ngoja kwanza nimalizane na Fundi. Hiyo bandari unayoisifu ndiyo iliyomvuta Majid! Hata Waingereza waliiona mapema. 1877 Mackinnon, tajiri wa meli, na wenzake walianza kuchonga barabara kutoka Dar kuelekea Ziwa Nyasa, Mjerumani hajatia mguu.

Fundi Mkuu
Na barabara yenyewe ikaachwa 1881. Unaniletea barabara iliyofia njiani?

Msomi wa Jioni
Nyote mnasahau mezani kulikuwa na nini. 1890 Uingereza na Ujerumani waligawana: Zanzibar kwa Mwingereza, kisiwa cha Heligoland kwa Mjerumani, na Sultani akaiachia pwani kwa marki milioni 4. Mji ulinunuliwa, tuache kusema ulianzishwa.

Mwana wa Kaole
Ulinunuliwa kwa nani? Wenye pwani waliulizwa? Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, alinyongwa Pangani Desemba 1889 kwa kulikataa jambo hilo hilo, na Wissmann aliyeongoza jeshi dhidi yake akasimamishiwa sanamu hapo Dar, pale lilipo sanamu la Askari tangu 1927. Huyo ndiye mwanzilishi mnayemtetea?

Fundi Mkuu
Sanamu limeingiaje? Tulikuwa kwenye kina cha maji. Wewe kila ukibanwa unakimbilia kwa Abushiri.

Shangazi wa Upanga
Fundi, punguza ukali. Abushiri si mtu wa kutajwa hivyo.

Fundi Mkuu
Samahani Shangazi, kwa Abushiri nanyamaza. Ila mtu akitetea mji wake ajibu swali. Meli ingefunga wapi?

Mwana wa Kaole
Nakujibu. Bandari ya Dar ni bora, sijawahi kubisha. Nilichokataa ni hilo la "wenyewe hawakujua kitu". Watu wale waliendesha biashara ya pembe hadi Kongo, kwa mikopo na mapagazi, kabla ya reli kuwapo. Kisha gavana akahamishwa, ofisi zikamfuata, na reli ikaanzia Dar. Nitajie mji mmoja wa pwani ambao ungefanyiwa hivyo na usingelala.